Difu loki: anza na ya nyuma
Hela ikitosha difu loki moja tu (kifaa kinachofanya matairi mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja), funga ya nyuma. Mimi nilianza na ya mbele, nikajuta. Gari likipanda mlima uzito hulalia nyuma: tairi moja likining'inia hewani, la pili bado linasukuma. Ya mbele huufanya usukani mzito kupinda, ingawa kwenye mawe ya ngazi ndiyo inayokuvuta juu. Bonyeza swichi kabla ya kuingia shimoni, matairi yakiwa hayajaanza kuzunguka bure; ukichelewa utasikia meno yakisagana. Difu loki itakuangusha ukikata ubavu wa mlima wenye utelezi: matairi yote mawili huteleza pamoja, mkia ukashuka bondeni. Hapo izime. Kwenye lami kavu usiiguse kabisa.