Kupiga video ukumbini usiku: fomati gani kwa picha yenye chenga?

Ukumbi wa harusi hapa Unguja, saa tatu usiku: jukwaani taa za rangi, mbele mabuibui meusi safu kwa safu, na pembeni kiza. Hapo kamera itatoa chenga, iwe ya bei gani. Hakuna fomati ya kuziondoa, ila fomati ndiyo inayoamua zitaingia vipi kwenye kadi: punje ndogo ambazo programu itazisafisha, au miraba iliyobanwa ambayo haisafishiki tena.

1. Jua video inakwenda wapi. Mwenye shughuli akitaka vipande vya kuweka status usiku huohuo, rekodi H.264 (kodeki ya kawaida, yaani njia ya kubana video) ya biti 8, acha kamera ipunguze chenga yenyewe, maliza kazi. Yanayofuata ni ya video utakayokaa nayo kuihariri.

2. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kamera ikibaki kwenye fremu 30 na shata 1/60, baadhi ya taa za ukumbini zitacheza-cheza. Ukipandisha fremu 50 ili bibi harusi aingie kwa mwendo wa taratibu, shata inataka 1/100. Nusu ya mwanga imekwenda, ISO (kiwango ambacho kamera inaukuza mwanga) inapanda maradufu, na chenga juu yake. Mimi mwendo wa taratibu naupiga mchana tu.

3. Biti 10 (ngazi za rangi), 4:2:2 (wingi wa sampuli za rangi), kama kamera inayo. Biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 ina 1,024. Tofauti utaiona ukianza kuvuta vivuli juu. Katika 4:2:0, pikseli nne zinagawana sampuli moja ya rangi. Katika 4:2:2, kila pikseli mbili zina sampuli yao. Madoa ya kijani na zambarau kwenye kanzu nyeupe iliyo kivulini ni rahisi zaidi kuyatibu hapo.

4. Usibane biti za kila sekunde (bitrate; si zile biti 8 na 10 za rangi). Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kodeki za kawaida zinaokoa nafasi kwa kuandika kilichobadilika tu kati ya fremu na fremu. Chenga hubadilika kila fremu, kwa hiyo kodeki inadhani ukumbi mzima unatembea. Biti zinaishia kwenye chenga, na kitambaa cha buibui kinabaki miraba mieusi. Ndiyo maana ukumbi wenye kiza unataka biti nyingi kuliko pwani ya Nungwi saa sita mchana.

Kwa 4K, anzia megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni kama megabaiti 750 kwa dakika, yaani kadi ya GB 64 inachukua takriban dakika 85, basi beba kadi za kutosha. H.265 inatoa ubora wa karibu sawa kwa karibu nusu ya biti, ila kompyuta ya zamani itakwama nayo. Tengeneza proksi (nakala nyepesi za kuhariria) kwanza. All-I, chaguo jingine kwenye menyu ya kamera, huandika kila fremu peke yake, kwa hiyo inataka biti nyingi zaidi. Usiichague kwa jina tu.

5. Log (profaili ya picha iliyofifia, ya kutiwa rangi baadaye) iache nyumbani. Inapendwa sana, lakini inataka mwanga, na chenga zake hukaa vivulini, palepale buibui lilipo. Tumia profaili ya kawaida, shusha kontrasti kidogo. Ukilazimika kuitumia log, ipe mwanga stopu moja zaidi, yaani maradufu.

6. Kipunguza chenga cha kamera kiweke chini. Kikiwa juu kinafuta mistari myembamba ya hina na piko mikononi mwa bibi harusi, na hiyo ndiyo picha atakayoitafuta kwanza. Safisha kwenye kompyuta, kabla ya kugusa rangi. Katika DaVinci Resolve, kisafishaji kinacholinganisha fremu kimo kwenye toleo la kulipia, Studio. Kama huna, rekodi 4K utoe 1080: pikseli nne zinakuwa moja, na chenga za ovyo zinapungua kama nusu.

7. Jaribu kabla wageni hawajaingia. Taa zikishawashwa kama zitakavyokuwa, mwombe mtu aliyevaa buibui asimame pembeni mwa jukwaa. Rekodi sekunde kumi kwa kila fomati, fungua kwenye kompyuta, kuza mara mbili. Uso usiuangalie sana, angalia mikunjo ya kitambaa: ikionekana mikunjo yenye punje, endelea; ukiona miraba, ongeza biti.