Kumwanzisha Mtoto Kufuga Njiwa: Kutoka kwenye Manati hadi kwenye Banda

Hapa Tabora, mtoto anayewajua ndege kuliko wote mtaani mara nyingi ndiye yule mwenye manati shingoni. Anajua tetere hulala kwenye mwembe upi, shore huja saa ngapi papai likianza kuiva, na kiota cha chiriku kimefichwa wapi. Wazazi wengi humnyang'anya manati, humkemea, na mambo huishia hapo. Nimefuga njiwa kwa miaka mingi na nimewafundisha watoto wa majirani kazi hii, nami nawaomba wazazi wasianze na kemeo, kwa sababu jicho ambalo mfugaji hulihitaji mtoto huyo tayari analo, na kilichobaki ni kulielekeza kwenye kazi nyingine. Mwongozo huu unafaa kwa watoto wa miaka 7 na kuendelea, na unahitaji subira ya miezi 3 au 4 kabla ya kuona kinda la kwanza.

Hatua ya kwanza: beseni la maji na daftari

Kwa mwezi mzima usimpe mtoto ndege yeyote. Weka beseni la kina kifupi chini ya mti, tia jiwe katikati ili ndege wadogo wapate pa kusimama, na umkabidhi mtoto kazi ya kubadilisha maji kila asubuhi. Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, maji yanapokuwa adimu na ndege wanapokuja kwa wingi. Akae hatua kumi kutoka kwenye beseni, alfajiri au kuanzia saa kumi na moja jioni, na aandike tarehe, saa, ndege aliyekuja na alichokifanya. Asiyemjua jina amchore, kisha amwulize bibi yake. Jina la Kinyamwezi atakalopewa liandikwe vilevile, kwa kuwa mara nyingi wazee wanawatambua ndege ambao sisi tunawaita tu "videge".

Jambo gumu zaidi kwa mzazi ni kunyamaza. Mwulize mtoto swali moja tu: ndege hawa wananywaje? Usimpe jibu. Binti mmoja wa miaka 9 alikaa na swali hilo siku nne, na siku ya tano akaja mbio akinivuta mkono: "Mjomba, njoo uone, tetere hainui kichwa!" Alikuwa ameona kwamba kuku huchota maji kwa mdomo, kisha huinua kichwa ili yateremke kooni, ilhali tetere huzamisha mdomo na kuyafyonza moja kwa moja. Njiwa wa kufugwa, aliye jamaa ya tetere, hunywa hivyo hivyo, na kwa sababu hiyo chombo chake cha maji kinapaswa kuwa na kina cha kutosha kuzamisha mdomo wote. Binti huyo hakuhitaji kuelezwa habari ya chombo, alikichagua mwenyewe.

Ukianza wakati wa mvua, badala ya beseni mpeleke akawatazame minana wakisuka. Dume hulisuka jani bichi, hujining'iniza chini ya kiota na kupigapiga mabawa ili jike aje kukikagua, na kiota kilichokataliwa hadi kikakauka hukibomoa mwenyewe na kuanza upya.

Hatua ya pili: kuondoa hofu ya bundi

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ya lazima, kwa kuwa mtoto anayempiga bundi mawe kwa kuambiwa kwamba ni ndege wa wachawi bado hajaanza kutazama. Bundi humeza panya mzimamzima, kisha hutapika manyoya na mifupa katika tonge kavu lenye ukubwa wa kidole gumba. Tafuta matonge hayo chini ya mti au paa anakolala. Mtoto avae mifuko ya plastiki mikononi, aliloweke tonge katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha alichambue kwa vijiti viwili. Ataona taya ndogo zenye meno ya mbele ya rangi ya chungwa, mbavu nyembamba kama nyuzi, na pengine mafuvu mawili au matatu katika tonge moja. Mwache ayahesabu kwa sauti mbele ya wenzake.

Hatua ya tatu: banda kabla ya njiwa

Jengeni pamoja. Banda liinuliwe juu ya nguzo za takribani mita 2, na kila nguzo izungushiwe kipande cha bati laini ili nyoka, panya na kicheche washindwe kupanda. Kila chumba cha kutagia kiwe na sentimita 30 kwa kila upande, na mbele pawe na kibao cha kutua. Mlango uelekezwe mbali na upande unakotokea upepo wa mvua.

Hatua ya nne: jozi moja, na kufuli la wiki nne

Nunua jozi moja tu ya njiwa wachanga wa kufugwa. Ndege wa porini abaki porini: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumkamata bila kibali, na mtoto aelezwe hivyo waziwazi.

Wafungieni ndani kwa wiki nne, mbele pakiwa na wavu ili waone uwanja, miti na mapaa ya jirani. Niliwahi kumruhusu kijana mmoja awafungue siku ya tatu kwa sababu alinibembeleza sana, na njiwa wakarudi moja kwa moja kwa aliyewauza, upande wa pili wa mji. Kosa lilikuwa langu, na machozi yakawa yake. Katika wiki hizo mtoto atikise kopo lenye mtama kila anapowalisha. Kila njiwa anatosheka na takribani gramu 30 za nafaka kwa siku, mtama, chenga za mahindi na alizeti kidogo, pamoja na kokoto ndogo za kusagia chakula kwenye firigisi. Siku ya kuwafungua iwe jioni, wakiwa na njaa, na kopo liwe mkononi mwake.

Kinyesi kinyunyiziwe maji kabla ya kukwanguliwa, mtoto afunge kitambaa puani na mdomoni, na anawe kwa sabuni, kwa maana vumbi lake hudhuru mapafu. Habari ya chanjo ya ugonjwa wa mdondo mwulizeni afisa mifugo wa kata.

Hatua ya tano: mayai, na ahadi yako

Jike hutaga mayai mawili, la pili likifuata baada ya takribani siku mbili, na huanguliwa baada ya siku 18 hivi. Mtoto ataandika kwamba dume huatamia mchana na jike hushika zamu kuanzia jioni hadi asubuhi. Siku ya saba, usiku, inueni yai moja kwa uangalifu na kuliweka juu ya taa ya simu: mishipa myekundu itaonekana ikitawanyika kama mizizi. Makinda hutoka yakiwa yamefumba macho, na wazazi wote wawili huyalisha maji mazito yanayotengenezwa kwenye gole, ambayo wafugaji huyaita maziwa ya njiwa. Baada ya wiki nne au tano yataruka.

Kabla ya hapo, kaeni mkubaliane ni makinda gani yatauzwa au kuliwa, na yapi ni ya mtoto. Nimeona mzazi akiuza jozi ya mwanawe ili kulipa deni dogo huku mtoto akiwa shuleni, na mtoto yule, aliyekuwa na daftari zuri kuliko wote, hakurudi tena bandani. Dhiki ipo, nami siikatai, lakini mwambie mapema na umshirikishe katika bei.

Rafiki zake watakuja kuomba njiwa. Kila anayetaka jozi akapewe beseni na daftari kwanza, alete kurasa za mwezi mzima, na mtoto wako ndiye azisome na kuamua.