Somo: Hatua za kusimamia maafa kijijini, kwa mfano wa Hanang

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara nchini Tanzania, iliyoloweshwa na mvua ilimeguka, na tope lililobeba mawe na magogo likashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, likaua watu zaidi ya 80.

Hatua ya kwanza ni kuitambua hatari. Kamati ya usimamizi wa maafa ya kijiji, inayotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, itembee pamoja na wazee na kuchora mikondo yote ya maji, hasa makorongo makavu ambayo vijana hawajawahi kuyaona yakijaa.

Hatua ya pili ni kupunguza madhara. Miti husaidia, lakini mteremko ukimeguka chini ya mizizi, kinachookoa ni umbali wa nyumba na korongo.

Hatua ya tatu ni maandalizi: nani hupokea tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, nani hupiga kengele, watu hukimbilia wapi, na nani humbeba mgonjwa au mlemavu. Zoezi la mchana pekee halitoshi, kwa kuwa mvua haichagui saa.

Hatua ya nne ni uokoaji, ambao katika saa za mwanzo huwa mikononi mwa majirani.

Ya tano, kurejesha hali, ndiyo ninayoomba tuitafakari zaidi, kwa sababu tukiharakisha kujenga palepale tunaiandaa hatari ijayo kwa mikono yetu. Baada ya maafa ya Hanang, waathirika walijengewa makazi mapya eneo la Waret. Hata hivyo nyumba ni sehemu tu ya kazi, maana shamba lililofunikwa na tope, mtoto aliyepoteza wazazi na mjane asiye na karatasi ya kiwanja wote wanahitaji kushughulikiwa, kila mmoja kwa muda wake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kijiji chetu hakina fedha. Tuanze na nini?

Jibu: Anzeni na daftari la kaya, lenye idadi ya watu, wasiojiweza na mipaka ya viwanja, na nakala yake itunzwe nje ya kijiji. Daftari hilo husaidia wakati wa kutafuta waliopotea, na baadaye huzuia ugomvi wakati wa kugawa misaada.

Swali: Tuliwahamisha watu bondeni, lakini wanarudi. Je, tuwalazimishe?

Jibu: Kwanza waulizeni wanafuata nini. Mara nyingi ni shamba, maji au soko. Waruhusiwe kulima bondeni mchana na walale juu, kisha mvua kubwa ikitangazwa, kamati ihakikishe hakuna aliyebaki shambani.