Kabla hujaipandisha Linux toleo jipya: andaa njia ya kurudi skrini ikigeuka giza

Laptopu ikipandishwa toleo la Linux kisha ikawaka na skrini nyeusi, mara nyingi kioo hakijafa. Feni inazunguka, diski inasoma. Kilichokatika ni maelewano kati ya kerneli mpya, yaani kiini cha Linux kinachoendesha vifaa, na kadi ya grafiki. Kwa mtu wa Amu tofauti hiyo ina gharama. Akiamini kioo kimekufa, atapanda boti hadi Mokowe, ashike basi la Malindi au Mombasa, na huko huenda akauziwa kioo kipya kwa kosa la draiva, programu inayoiendesha kadi hiyo. Kinga yake ni kazi ya jioni moja, nayo hufanywa wakati skrini bado inaonekana. Hapa tunachukua Ubuntu, kutoka 22.04 kwenda 24.04. Mint na Debian zina mantiki ile ile, ingawa baadhi ya amri hutofautiana.

Anza na kioo chenyewe. Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza F2, F10 au Del kutegemea aina ya laptopu, uingie BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe. Humo Linux haijaanza kabisa, kwa hiyo ukiona mistari, picha inayometa au rangi zilizopotoka, ugonjwa ni wa vifaa. Fungua na ufunge kifuniko taratibu. Picha ikikatika kwenye pembe fulani, shuku waya wa kioo unaopita kwenye bawaba. Hewa yetu ya chumvi hula soketi za waya kama huo, na fundi mwangalifu huzisafisha bila kubadilisha kitu. Maliza hilo kwanza, la sivyo baadaye hutajua ulaumu nini.

Kisha ijue kadi yako. Kwenye teminali andika `lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D'` na usome jina la kadi pamoja na draiva inayotumika. Intel huonyesha i915, AMD huonyesha amdgpu au radeon, na Nvidia huonyesha nouveau au nvidia. Laptopu nyingine zina kadi mbili, Intel na Nvidia pamoja. Yaandike kwenye karatasi, pamoja na jibu la `uname -r`. Ukiyahifadhi kwenye faili ndani ya laptopu hiyo hiyo, yatakuwa gizani pamoja nawe.

Mwenye Intel au AMD ana nafuu, kwa sababu draiva zao huja ndani ya kerneli. Mashaka yapo kwa Nvidia. Draiva ya kampuni hiyo inakaa nje ya kerneli, na moduli yake, kipande kinachoungana na kerneli, lazima ilingane na kila kerneli mpya; isipolingana, au ikishindwa kuundwa, mashine inaamka bila draiva. Kadi za zamani ndizo taabu kubwa: kizazi cha Fermi kinaishia kwenye draiva za 390 na kile cha Kepler kwenye 470. Nvidia iliacha kuzihudumia za kwanza mwaka 2022 na za pili mwaka 2024. Kama kadi yako iko katika kundi hilo, iondoe draiva hiyo kabla ya kupandisha toleo: `sudo apt purge '^nvidia-.*'`, washa upya, hakikisha skrini inafanya kazi kwa nouveau, draiva huria iliyo ndani ya kerneli, ndipo uendelee. Nouveau ni nzito kwa michezo na video kubwa, lakini picha utaiona.

Mwenye kadi mpya ya Nvidia aulize pia `mokutil --sb-state`. Ikijibu kwamba Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu mashine inapowaka, imewashwa, moduli isiyo na saini inayotambulika itakataliwa. Ukiombwa kuweka nenosiri wakati draiva inasakinishwa, liandike. Mashine ikiwaka upya hutokea skrini ya bluu kwa sekunde chache tu: chagua Enroll MOK, Continue, Yes, kisha andika nenosiri lile. Wengi huipita wakidhani ni hitilafu, na draiva hubaki imefungiwa nje.

Sasa nafasi ya /boot, mahali kerneli zinapokaa. `df -h /boot` ikionyesha chini ya megabaiti 500 zilizo wazi, punguza kerneli za zamani kwa `sudo apt autoremove --purge`, lakini ile unayotumia leo ibaki. /boot ikijaa katikati ya kazi, faili ya initramfs, inayoisaidia kerneli kuanza, haikamiliki, na bila faili hiyo kerneli mpya haifiki mbali. Kwa mwenye Intel au AMD kerneli ya zamani ndiyo mlango wa kutokea: unaichagua kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine inapowaka, chini ya Advanced options, na mara nyingi skrini inarudi. Kwa mwenye Nvidia usiitegemee sana, kwani sehemu nyingine za draiva zitakuwa zimeshabadilika na zinaweza kutolingana na moduli ya zamani.

Menyu hiyo ya GRUB kwa kawaida imefichwa. Ifichue leo: kwenye `/etc/default/grub` weka `GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu` na `GRUB_TIMEOUT=10`, kisha `sudo update-grub`. Wakati wa kupandisha toleo ukiulizwa kama faili hiyo ibadilishwe, bakiza yako. Halafu jizoeze mara moja. Washa upya, weka alama kwenye mstari wa Ubuntu, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, na mwishoni, baada ya `quiet splash`, acha nafasi uandike `nomodeset`, neno linaloiambia kerneli isitumie draiva ya kadi. Bonyeza F10. Skrini itakuja na picha kubwa isiyo na ukali, na huenda mwanga usirekebishike. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na badiliko hilo linafutika ukiwasha tena. Aliyekwisha kulifanya mchana kweupe hatatetemeka mikono usiku.

Zoezi la pili ni fupi: Ctrl+Alt+F3 ikupe skrini ya maandishi matupu, ingia kwa jina na nenosiri, kisha rudi kwa Ctrl+Alt+F2. Laptopu nyingine hutaka na Fn. Hapo ndipo `sudo dpkg --configure -a` na `sudo apt -f install` hufanyiwa kazi pale upande wa picha unapogoma. Kama una simu yenye Termux (programu ya teminali) au kompyuta nyingine, sakinisha `openssh-server` kwenye laptopu ili uweze kuiingia kupitia mtandao, na uandike jibu la `hostname -I`, yaani anwani yake. Mtandao uwe umeruhusiwa kwa watumiaji wote, maana usiporuhusiwa hauungi kabla hujaingia.

Kipimo bora kuliko vyote ni flashi ya gigabaiti 8 yenye 24.04. Washa laptopu kwa flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha, upime vitufe vya mwanga, HDMI, na kufunga kifuniko kisha kukifungua. Faili yake inakaribia gigabaiti 6, kwa hiyo usiishushe kwa bando ya simu. Flashi moja inawatosha mtaa mzima. Kumbuka tu kwamba kwa Nvidia kipimo hiki huwa kinapima nouveau.

Nyaraka zako zinakiliwe kwenye diski ya nje. Timeshift, programu ya kuhifadhi nakala, ni nzuri kwa mfumo, ila kwa mpangilio wake wa kawaida haichukui mafaili ya nyumbani, na diski ya NTFS au FAT haikubali.

Siku yenyewe, endesha `sudo apt update && sudo apt full-upgrade`, washa upya, kisha `sudo do-release-upgrade`. Itakutajia ukubwa wa kushusha kabla hujakubali. Stima ikikatika na ruta ikazima wakati wa kushusha, hakuna kilichoharibika. Inapoanza kusakinisha ndipo hatari ilipo: betri iwe imejaa, chaja imechomekwa, kifuniko wazi, na kujifunga kwa skrini kumezimwa. Betri isiyomaliza hata nusu saa isikudanganye; kaa karibu na sola au jenereta. Mwishoni ikikuuliza kufuta vifurushi vya zamani, kataa mpaka uone skrini mpya inaishi siku mbili tatu.

Ikiwaka nyeusi hata hivyo, zima taa ya chumba na umulike kioo kwa tochi ya simu, kwa pembeni. Ukiona kivuli cha kisanduku cha nenosiri, picha ipo na kilichozimika ni mwanga wa nyuma. Bonyeza Fn na kitufe cha kuongeza mwanga. Ikishindikana, nenda kwenye mstari ule ule wa `linux` na ujaribu `acpi_backlight=native`, kisha `acpi_backlight=vendor`. Usipoona kivuli chochote, jaribu kerneli ya zamani, halafu `nomodeset`. Ukifika kwenye kisanduku cha kuingia lakini skrini ikafa baada ya nenosiri, bonyeza gurudumu dogo pembeni na uchague Ubuntu on Xorg badala ya Wayland; hiyo ni mifumo miwili ya kuchora skrini.