Harufu ya mboji inaanzia mapokezi: ushauri kwa mnaotengeneza kwa mashine

Wadau wa mboji, hasa nyie mnaotengeneza kwa tani, sio ile ya shimo la nyuma ya nyumba, leo tuongee harufu. Jirani anaweza kuvumilia mlio wa trekta, anaweza kuvumilia vumbi wakati wa kiangazi, ila harufu inayoingia ndani saa ya chakula cha usiku havumilii na wala hapaswi kuvumilia, ana watoto mle ndani. Na mji unatufuata. Huko Kibaha, Kigamboni, Mabwepande, mahali palipokuwa pori saivi kuna nyumba mpaka kwenye ukuta, na kazi yenyewe inakua, pale Mabwepande kuna kiwanda cha mboji cha taka za masokoni ambacho Kinondoni walijenga kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, na wafugaji wa kuku wa Pwani nao wameanza kugeuza samadi kuwa biashara. Kwa hiyo hili jambo tulijue vizuri.

Naona watu wengi wanaamini ukishanunua mashine ya kugeuzia matuta, yaani yale marundo marefu ya mboji, basi harufu imeisha, mtu anakopa hela ndefu, mashine inakuja, wiki ya kwanza anageuza kila siku, harufu inakuwa mbaya kuliko mwanzo na anadhani kauziwa kimeo. Mashine haina tatizo. Ukigeuza tuta la moto, ile oksijeni uliyoingiza vijidudu vinavyoozesha mboji vinaimaliza ndani ya saa moja hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Hewa inayoliweka tuta salama siku nzima ni ile inayopenya yenyewe, hewa ya moto inapanda juu, ya baridi inaingia kwa pembeni chini, na itapenya tu kama kuna nafasi kati ya vipande. Kugeuza kunarudisha zile nafasi na kuchanganya vizuri, basi. Kama mchanganyiko ni uji, unachofanya na mashine ni kufungulia gesi zote zilizokuwa zimejifungia ndani, kwa mkupuo mmoja, ziende kwa jirani.

Kwanza jifunze pua yako inasema nini. Ukisikia harufu kali inayochoma macho na kutoa machozi hiyo ni amonia, maana yake naitrojeni ni nyingi mno ukilinganisha na kaboni iliyopo, na ujue hapo mbolea yako inapaa angani, hela inaondoka. Yai viza ni gesi ya salfa, hewa hakuna ndani, tuta limelowa au limeshindiliwa. Uchachu kama wa matunda yaliyooza kwenye kiroba unatokea sana kwenye taka za sokoni, maembe, mananasi, nyanya, nazo shida ni hewa na maji. Kila moja ina dawa yake na hakuna hata moja ambayo dawa yake ni manukato.

Sasa mapokezi, yaani pale malighafi inaposhushwa, hapa ndo kazi yote ilipo. Lori la kinyesi cha kuku au taka za sokoni likimwaga mzigo usilale na huo mzigo, changanya siku hiyohiyo, na ili uweze lazima malighafi kavu iwe imeshafika kabla, sio lori limemwaga ndo unaanza kupiga simu kutafuta maranda. Unatafuta uwiano wa kaboni kwa naitrojeni kama 25 hadi 30 kwa 1. Kinyesi kibichi cha kuku wa mayai kiko kwenye 10 au chini ya hapo, maranda yanapita 200, kwa hiyo anza na ndoo moja ya kinyesi kwa ndoo mbili mpaka tatu za maranda halafu rekebisha kwa pua na themomita. Ila maranda peke yake ni laini, yanashikana. Changanya na kitu chenye mifupa: matawi yaliyopita kwenye chipa (mashine ya kukatakata matawi), makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vigunzi vya mahindi. Maganda ya mpunga yanaleta hewa nzuri ila yanaoza taratibu sana, usiyahesabu kama kaboni yako yote. Na tafadhali usimwage chokaa wala jivu kwenye kinyesi cha kuku ukidhani unaua harufu, unaifukuza amonia itoke haraka zaidi.

Kipimo cha kujua kama mchanganyiko una hewa ya kutosha kipo na ni cha bure, ndoo ya lita 20 tu. Jaza mchanganyiko theluthi moja, iinue kama shibiri moja uidondoshe chini mara 10, ongeza mpaka theluthi mbili udondoshe tena mara 10, jaza mpaka juu udondoshe mara 10, halafu jazia ilipopungua iwe sawa na mdomo. Mwagia maji kwa kipimo mpaka yafike juu. Yakiingia lita 8 mpaka 12 hewa ipo ya kutosha, yakiingia lita 5 hilo tuta litanuka hata uligeuze kwa mashine gani, rudi ukaongeze vipande vikubwa. Unyevu nao uwe kati ya asilimia 50 na 60, ukikamua kwa ngumi matone machache yatoke, yakichuruzika ni maji mengi. Fanyeni hiki kipimo kwa kila mchanganyiko mpya, kinachukua dakika chache na kinaokoa wiki nzima ya malalamiko.

Kuhusu mashine zenyewe. Ukitumia kijiko, ile mashine ya kuchota na kunyanyua mzigo, nyanyua juu na umwage taratibu mzigo uanguke ukijichambua, usisukume kama unasawazisha kifusi na usipande tuta kwa matairi, ukishindilia umeua kila kitu. Ukitaka ile ya kuvutwa na trekta angalia kwanza trekta lako lina gia ya kutambaa, zile mashine zinazozungushwa na PTO (mhimili wa nyuma ya trekta unaotoa nguvu ya injini) zinataka mwendo wa chini sana huku injini inazunguka kwa nguvu, matrekta mengi ya kulimia hapa hayana hiyo gia na mtu anakuja kugundua mashine ikiwa tayari uwanjani. Tuta nalo lilingane na mashine, za kuvutwa nyingi zinataka kimo cha mita 1.2 mpaka 1.8, ukifanya kwa kijiko unaweza kupanda kidogo ila kwa mzigo unaonuka mimi ningebaki chini ya mita 2.5. Watu wakae mbali na rota, ile sehemu inayozunguka, inarusha mawe.

Ratiba ya kugeuza ifuate joto, sio kalenda peke yake. Unataka nyuzi 55 mpaka 65 ili vimelea na mbegu za magugu zife, ikipita 65 geuza. Kanuni ya Marekani kwa mboji ya tope la maji taka inataka matuta yakae nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15 na yageuzwe mara 5 ndani ya hizo siku, ni kipimo kizuri kukifuata hata kama hakuna anayekukagua. Kwa mzigo mkali siku za mwanzo ndo harufu iko juu kabisa, hapo usiguseguse ovyo, lifunike tuta kwa mboji iliyokwisha iva unene wa sentimita 15 mpaka 30, hilo blanketi linameza harufu nyingi kabla haijatoka.

Geuza kuanzia saa nne asubuhi mpaka kama saa tisa alasiri, jua limepasha ardhi na hewa inapanda na kutawanyika. Alfajiri na jioni hewa imelala, harufu inatambaa chini kwa chini mpaka madirishani. Halafu upepo, sisi wa pwani tunaujua, wakati wa kusi harufu inaenda kwa walioko kaskazini mwako, kaskazi ikirudi inawageukia wa kusini, kwa hiyo eneo la mapokezi na matuta mabichi lipangwe ukijua misimu yote miwili. Funga kitambaa kwenye mti mrefu, ukiona kinaelekea shuleni au msikitini siku hiyo geuza matuta yaliyokomaa, mabichi yaache.

Kama majirani wako karibu mno, achana na kugeuza mwanzoni, tumia blowa, yaani feni ya kupitisha hewa ndani ya tuta. Laza bomba za PVC za inchi 4 zenye matundu, juu yake vipande vya matawi, kisha mzigo, kisha blanketi la mboji. Wengi wanaanza na dakika chache za kuwasha kila nusu saa kwa taima, halafu wanarekebisha kwa joto, hewa ikizidi inakausha tuta na kubeba amonia. Ukiweka blowa ivute badala ya kupuliza, ile hewa chafu unaipeleka kwenye kitanda cha kuchujia cha vipande vya mbao na mboji, kina cha mita 1 mpaka 1.5, chenye unyevu muda wote. Hewa ikae humo karibu dakika moja, yaani blowa ikivuta mita moja ya ujazo kwa sekunde unahitaji kitanda cha kama mita 60 za ujazo. Weka na mtego wa maji kwenye bomba maana hewa hiyo ni ya moto na imebeba mvuke mwingi. Kitanda kikikauka hakichuji tena, harufu inapita kama ilivyo, kwa hiyo awepo mtu mwenye jukumu la kukimwagilia.

Masika ndo mtihani. Uwanja uwe na mteremko wa asilimia 2 mpaka 4 na matuta yalazwe kufuata mteremko, sio kuukata, la sivyo maji yanatuama nyuma ya kila tuta na chini panaoza. Yale maji meusi yanayochuruzika yakusanye kwenye bwawa na uyarudishe kwa boza kwenye matuta mabichi yaliyokauka, usiyarudishe kwenye mboji iliyoiva, utakuwa umerudisha vimelea. Na kama umeyaweka kwenye shimo lililofunikwa, mtu yeyote asiingie humo kusafisha au kutoa pampu hata kwa dakika moja, ile gesi ya salfa ikizidi pua haiisikii tena na inaua, na anayemfuata kumwokoa naye anabaki humohumo.