SOMO: Jinsi ya kuipima monita iliyopinda ya 32:9 kabla siku za kuirudisha hazijakwisha

Wakuu, salaam. Swali la "mkuu, ile monita ndefu kama benchi ni nzuri?" nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu. Nzuri kwa kazi gani? Ukimuuliza mtu hivyo ananyamaza, kesho anakuja mwingine na swali lilelile. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitampa kiungo tu, asinione nina roho mbaya.

Kwanza ujue unachonunua. Monita ya inchi 49 ya 32:9 (upana 32 kwa kimo 9; za kawaida ni 16:9) kwa kimo ni sawa na ya inchi 27, kama sentimita 34 tu. Kilichoongezeka ni upana. Ni monita mbili za inchi 27 zilizoungana bila ukingo wa katikati: ya pikseli (nukta za picha) 5120 kwa 1440 ni mbili za 2560 kwa 1440, na ya 3840 kwa 1080 ni mbili za 1920 kwa 1080. Zile za inchi 57 zilizotoka 2023 ni mbili za 4K (3840 kwa 2160) za inchi 32. Hatua zote hapa chini zinauliza jambo moja: kazi yako inajua kuutumia upana huo?

Hatua ya 1: Pikseli. 5120 kwa 1440 kwenye inchi 49 inakupa pikseli 108 hivi kwa kila inchi, herufi zinasomeka vizuri. 3840 kwa 1080 inakupa 81, herufi zina meno. Kama utasoma na kuandika, hiyo ya pili achana nayo.

Hatua ya 2: Meza, na macho yako. Hapa ndipo nilipojikwaa, kwa hiyo nivumilieni. Nilipima upana wa meza nikaona sentimita 140 zinatosha, nikafurahi. Kina cha meza sikukipima. Kilikuwa 60. Ya kwangu ilikuwa 1000R, na namba hiyo maana yake kioo kimefuata duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 1000. Kwa inchi 49, ncha zinakuja mbele ya katikati kwa kama sentimita 17 (ya 1800R ni kama 10). Ongeza stendi yenye miguu iliyotanuka kama ya korongo. Kioo kikaja kukaa katikati ya meza, kibodi ikabaki inaning'inia ukingoni, na macho yangu yakawa sentimita 45 kutoka kwenye kioo. Siku mbili tu, shingo ikakataa kugeuka. Nikailaumu monita.

Nikasema dawa ni mkono wa kushikia, nisogeze kioo nyuma. Nikaangalia uzito ulioandikwa kwenye boksi la mkono, nikaona unatosha. Asubuhi nikakuta monita imeinamisha kichwa kama mtu aliyesinzia kwenye kikao. Kioo kilichopinda kinavutia uzito mbele, mbali na pale mkono uliposhika, na mkono uliopimwa kwa kioo bapa haukuhesabu hilo. Bahati yangu haikuanguka.

Basi fanyeni hivi kabla ya kulipa. Chukua kadibodi, kata sentimita 120 kwa 34, ikunje kidogo, isimamishe pale monita itakapokaa. Keti unavyoketi kawaida. Kutoka machoni hadi katikati ya kioo nataka 70 hadi 90. Ukipata chini ya 65, ama ubadili meza ama uache. Na mkono usinunue mpaka mtengenezaji wake ataje wazi kwamba unabeba monita za inchi 49 zilizopinda. Uzito peke yake hautoshi. Narudia: hautoshi.

Hatua ya 3: Kebo na Hz (mara ngapi kioo kinabadili picha kwa sekunde). HDMI 2.0 kwenye 5120 kwa 1440 itakupa kama Hz 60 na zaidi kidogo. Kwa 240 unahitaji DisplayPort 1.4 yenye mbano wa data, au HDMI 2.1, na GPU (kadi ya picha ya kompyuta) iwe inaviweza. Tumia kebo iliyokuja kwenye boksi. Kisha ingia mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya "Advanced display", uone Hz ni ngapi kwa macho yako. Nyingi zinaanza na 60.

Hatua ya 4: Pikseli zilizokufa. Fungua picha ya rangi moja, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, buluu, kila moja ijaze kioo kizima. Dakika tano.

Hatua ya 5: Gemu. Hesabu mzigo kwanza. 5120 kwa 1440 ni pikseli milioni 7.4, wakati 4K ni milioni 8.3. Yaani unakaribia 4K, na ni mara mbili kamili ya 2560 kwa 1440. Mtu anayepata fremu 100 kwa sekunde leo kwenye monita yake ya 1440, GPU ikiwa ndiyo imefika mwisho, ajiandae kuona karibu na nusu.

Halafu jaribu hivi: simama sehemu moja ndani ya gemu, piga picha ya skrini kwa 16:9, kisha badili kwenda 32:9 upige tena. Zilinganishe. Vitu vikiongezeka pembeni na juu na chini vimebaki, gemu hiyo inaheshimu upana. Ikiwa umekatwa juu na chini, umelipia upana ili uone kidogo. Nyingine hazijisumbui kabisa: Elden Ring kwenye kompyuta inabaki 16:9 na weusi pande zote mbili. Angalia pia ramani na kipimo cha damu ya mchezaji vimekaa wapi. Vikiwa kwenye pembe za mwisho utageuza shingo kila sekunde, labda kama gemu inakuruhusu kuvivuta katikati.

Kwa mbio za magari na ndege, hapa ndipo nyumbani kwake. Kwa risasi za mashindano, sioni faida. Wanaoshindana kwa dhati wanakaa na inchi 24 hivi, waone kila kitu bila kugeuza jicho.

Hatua ya 6: Filamu na PlayStation. Video ya 16:9 inajaza nusu ya kioo, basi. Filamu ya sinema ya 2.39:1 inajaza theluthi mbili. PS5 na Xbox Series X zinatoa 16:9 tu, hazina namna ya kujaza 32:9. Anayenunua hasa kwa ajili ya hivi anatafuta televisheni.

Hatua ya 7: Kazi. Hapa inanilipa kuliko hata gemu. Gawanya sehemu tatu: katikati nusu, pembeni robo robo. Windows 11 ina Win+Z, lakini FancyZones ya PowerToys (programu ya Microsoft) inakuacha uchore mgawanyo wako mwenyewe. Majedwali, kuhariri video, kuandika programu, raha tupu. Tatizo ni mikutano. Ukishirikisha skrini nzima, wenzako wanaona utepe mwembamba wenye vijiherufi visivyosomeka. Shirikisha dirisha moja.

Hatua ya 8: Aina ya kioo. VA ina weusi mzuri, ila vitu vyeusi vikikimbia vinaacha moshi nyuma yake. Nenda testufo.com ukaone. OLED haina moshi huo, lakini vitu visivyosogea kama upau wa chini vinaweza kuacha alama ya kudumu, hivyo ufiche upau. Baadhi ya OLED zina vijipikseli vilivyopangwa pembetatu, na herufi zinapata ukungu wa rangi kingoni. Wengine hawauoni, wengine unawatoa machozi. Andika maneno meusi kwenye ukurasa mweupe, usome nusu saa. Usiniulize mimi kama utakusumbua, macho ni yako.

Haya, maswali.

Haraka Haraka: Mkuu ni ndefu sijasoma yote. Nichukue au nisichukue?

Mwandishi: Hatua ya 2 na ya 5. Ukimaliza rudi.

Bundi wa Usiku: Ya kwangu imeandikwa 240 lakini sioni tofauti na ya zamani. Hizi namba ni biashara tu, tunapigwa.

Mwandishi: Mipangilio ya Windows inasema ngapi?

Bundi wa Usiku: Sijui, nimechomeka tu ikawaka.

Mwandishi: Hatua ya 3, sentensi mbili za mwisho.

Bundi wa Usiku: Ilikuwa 60. Yaishe.

Mzee wa Mbio: Shukrani kwa somo. Mimi ni usukani na pedali tu, sina habari na kingine. Nilikuwa na wazo la monita tatu za inchi 27. Hii moja inazifikia?

Mwandishi: Swali zuri, mzee. Haizifikii. Ukikaa sentimita 80, inchi 49 ya 1000R inakufunika kama nyuzi 83. Tatu za inchi 27 zikikuzunguka kwa umbali huohuo zinafika nyuzi 120 hivi, unaona dirisha la pembeni na aliye ubavuni kwako. Tena kuna jambo la uchoraji: gemu ikidhani kioo ni kimoja bapa, inavuta vitu vya pembeni, mti unakuwa mnene kuliko nyumba. Ukiwa na tatu, iRacing na Assetto Corsa zinaweza kuchora kila kioo kwa pembe yake, pembeni pakabaki sawa. Lakini tatu zina kingo mbili mbele ya macho, kebo tatu, na stendi ya chuma itakayokula chumba. Mimi nina hii moja na silii. Vyovyote utakavyochagua, weka upana wa mtazamo (FOV) ndani ya gemu kwa vipimo vyako halisi, siyo kwa kupenda. Utaona kama gari limepunguza mwendo, ila utaanza kuzijua kona.

Mzee wa Mbio: Nimekuelewa. Chumba ninacho, naenda na tatu.

Chali wa PS5: Nimenunua jana, picha iko katikati tu pembeni kote kweusi. Monita mbovu na muuzaji ananizungusha.

Mwandishi: Si mbovu. Hatua ya 6.

Chali wa PS5: Ungesema mapema kabla watu hatujanunua.

Mwandishi: Umenunua jana, somo nimeweka leo. Hapo nilaumu kwa lingine. Kama siku za kurudisha bado zipo, rudisha.

Mchora Ramani: Kaka, mimi nachora nyumba. Mstari ulionyooka utaonekana umenyooka kwenye kioo kilichopinda? Naogopa kumkabidhi mteja ukuta wenye kitambi.

Mwandishi: Dada, faili lako halipindi, jicho ndilo linaloona upinde. Mistari ya kusimama haina shida. Ya kulala, hasa juu na chini kabisa ya kioo, itaonekana imejikunja siku za mwanzo, kisha ubongo unazoea. Mwenye kazi kama yako ningempa 1800R kuliko 1000R, upinde wake ni mpole. Mchoro uweke katikati, vifaa na tabaka zikae pembeni, huko hakuna mstari wa kuhukumu. Na ile bapa ya zamani usiiuze. Mteja akikaa ubavuni kwako kutazama ataona upinde wote, mwoneshe kwenye bapa.

Mchora Ramani: Asante, hilo la mteja sikuliwaza. Na zile za inchi 57?

Mwandishi: Kwa michoro ni tamu, ila chunguza GPU. Kadi za RTX mfululizo wa 40 zina DisplayPort 1.4, na 7680 kwa 2160 kwa Hz 240 inataka 2.1. Kwa 1.4 utaishia Hz 120, na kwa kazi yako hizo ni nyingi mno, kwa hiyo usihofu sana.

Fundi Nyaya: Naongeza kidogo kuhusu mikutano. Chomeka kebo mbili kutoka kompyuta ileile, kisha kwenye menyu ya monita washa picha mbili ubavu kwa ubavu. Windows itaona skrini mbili za 2560 kwa 1440. Shirikisha moja, wenzako wanaona 16:9 safi. Mkutano ukiisha unaizima.

Mwandishi: Fundi umenipiku. Nilikuwa natumia hali hiyo kwa kompyuta mbili tu, ya kazi kushoto na ya kwangu kulia. Tahadhari kwa wengine: katika hali hiyo monita nyingi zinashusha Hz na kuzima ulinganishaji wa Hz na fremu za gemu, kwa hiyo usiisahau ukaingia kwenye gemu ukaanza kulalamika.

Bundi wa Usiku: Hapo nahisi nimetajwa.

Mwandishi: Hujatajwa.

Bundi wa Usiku: Sawa. Nina swali la kweli sasa. Mchana naona dirisha lote kwenye kioo, hata lile la pembeni ambalo monita ya zamani haikulionesha.

Mwandishi: Hilo ni swali. Upinde unakusanya mwanga kutoka pande nyingi kuliko bapa, kwa hiyo dirisha la ubavuni nalo linaingia. Geuza meza dirisha liwe nyuma ya monita, au pazia zito.

Fundi Nyaya: Na ukiifuta, kitambaa laini chenye unyevu wa maji tu, imezimwa. Spirti inaweza kula utando wa juu.

Bundi wa Usiku: Nimeshapaka spirti.

Fundi Nyaya: Mara ngapi?

Bundi wa Usiku: Mara moja, kona ya kushoto.

Mwandishi: Washa picha nyeusi, mulika kona hiyo kwa tochi ya simu. Ukiona doa lisilotoka kwa maji, ndilo hilo. Usiongeze kitu kingine.