Kuwaombea watoto wa kituo upimaji wa afya na makuzi: barua, tarehe za kuzaliwa na mhuri usiosafiri

Mwongozo huu ni wa wenye vituo vya kulelea watoto wadogo mchana hapa Tanzania ambao cheti cha usajili tayari kiko ukutani. Kama hujasajiliwa, anzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Hakuna atakayetuma wauguzi kwenye kituo asichokitambua. Mimi nimemaliza juzijuzi na hasira hazijaisha, kwa hiyo mtanivumilia.

Barua iende kwa Mganga Mkuu wa halmashauri yako, ipitie kwa Afisa Ustawi wa kata, na nakala apewe Mganga Mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho jirani, maana watakaokuja ni watu wake. Taja idadi ya watoto kwa umri, na useme wazi unachotaka: uzito, urefu, mzingo wa mkono (kipimo cha utapiamlo), macho, masikio, meno na hatua za makuzi. Ukiandika "uchunguzi wa afya" tu, watakuja na mzani basi. Nakala yako igongwe "imepokelewa" palepale masjala. Yangu ilipotafutwa ilikuja kuonekana kwenye jalada la usafi wa mazingira, na isingetafutwa kabisa kama sikuwa na ile nakala mkononi.

Juni na Desemba usiombe siku yako peke yako. Hiyo ni miezi ya afya na lishe ya mtoto, wauguzi wako mitaani wanagawa matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Omba badala yake kituo chako kiwe mojawapo ya sehemu watakazopita. Utapata hivyo viwili pamoja na upimaji wa mkono kwa utepe, bure. Makuzi hutapimiwa miezi hiyo, hawana muda.

Sasa tarehe za kuzaliwa, na hapa ndipo walezi wengi tunalala. Fomu zetu za kuandikisha mtoto zinasema "miaka mitatu". Miaka mitatu na wiki moja, au miaka mitatu na miezi kumi na moja? Utepe haujali: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali; 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Lakini utepe hauonyeshi udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, na udumavu ndio tatizo letu kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kuujua unahitaji urefu na umri kwa miezi. Bila tarehe, muuguzi anaandika urefu halafu safu ya pembeni inabaki na kistari.

Kwa hiyo mwezi mzima kabla, waombe wazazi kadi za kliniki. Jiandae kusikia imeliwa na panya, imebaki kwa bibi Singida, au haijulikani, kwa sababu baada ya chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18 wengi huona kadi imemaliza kazi. Asiye na kadi wala cheti mwelekeze kwenye usajili wa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, wa watoto chini ya miaka mitano. Cheti hicho hakilipiwi. Kitamfaa pia dirishani hospitali, maana msamaha wa gharama kwa mtoto wa umri huo katika vituo vya umma huanza na swali, "Ana miaka mingapi, na ushahidi uko wapi?"

Siku yenyewe, sakafu iwe ngumu na sawa. Mzani juu ya mkeka unasema uongo. Waambie akina mama wasifunge mabutu utosini. Nimemwona muuguzi akibonyeza kibao cha kupimia urefu juu ya mabutu ya mtoto huku mtoto akilia, na mwisho akakubali kuandika urefu wa nywele.

Upande wa makuzi, mlezi anayekaa na watoto kila siku akae pale mezani. Mtoto anayepiga soga kutwa nzima akiona koti jeupe anageuka bubu, na karatasi inaandikwa "haongei". Mlezi awe ameandika mapema: anatembea, anapanda ngazi, anaunganisha maneno mawili, anaitika akiitwa kwa nyuma. Hilo la mwisho msilipuuze. Mtoto aliyechelewa kuongea apimwe masikio kwanza, kabla ya majirani kumpa jina.

Kilichonila muda na nauli ni rufaa. Watoto waliokutwa na shida waliandikiwa karatasi nzuri tu, hati inasomeka, sahihi ipo. Mhuri haukuwepo. Mhuri, nikaambiwa, hausafiri; unakaa ofisini, kwenye droo, na ufunguo anao Mfawidhi. Wazazi wakaenda hospitali ya wilaya na karatasi isiyo na mhuri, wakarudishwa zahanati, zahanati ikasema karatasi haikutolewa pale, ilitolewa kituoni kwangu. Mzazi anayelipwa kwa siku harudi mara ya pili. Kwa hiyo andika ndani ya barua ya maombi kwamba unaomba rufaa zitolewe na kugongwa mhuri siku hiyohiyo. Kama hawataki, zikusanye mwenyewe jioni, zipeleke zikagongwe zote kwa pamoja, ndipo uwape wazazi. Kila moja itaje hospitali na kliniki: macho, au masikio, pua na koo, au lishe. "Apelekwe mbele" hakumfikishi mtoto popote.

Majibu mpe kila mzazi peke yake, mlango umefungwa. Si kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata kama mwenyekiti wa kundi anaomba kwa upole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Ripoti ya jumla, isiyo na majina, mpelekee Afisa Ustawi, na nakala yake nayo igongwe. Mkaguzi akija ataiulizia, na ile aliyopokea Afisa Ustawi haitaonekana.